Waliulizwa, Wakangoja Jibu

Mwezi Oktoba 1962 wageni wawili walizunguka Wilaya za Mpaka wa Kaskazini wakiwa na swali moja. Mmoja alikuwa mwanasheria wa Nigeria, G.C.M. Onyiuke, mwenzake, Meja Jenerali M.P. Bogert, alitoka Kanada. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewatuma wakasikilize wenyeji wa Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo: Kenya itakapopata uhuru, mnataka kubaki ndani yake au kuungana na Somalia? Mabaraza yakaitishwa. Wazee wakasema, wajumbe wakapokea risala, na tume ikaandika ripoti yake bila kuficha lolote: karibu Wasomali wote wa eneo hilo walitaka kujitenga.

Machi 1963 Uingereza ikatangaza kinyume chake. Sehemu kubwa ya eneo hilo ikawa mkoa wa saba wa Kenya, ulioitwa Kaskazini Mashariki. Wasomali wengi wakasusia uchaguzi wa mwaka huo, Somalia ikavunja uhusiano wake na Uingereza, na mwezi Desemba hali ya hatari ikatangazwa. Vita vya Shifta vikafuata. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika kaskazini, kwa namna moja au nyingine, hadi mwaka 1991.

Haja hapa si kurudia mjadala wa mipaka. Haja ni kukumbuka kwamba watu wa upande huu wa Kenya wanajua, pengine kuliko Wakenya wengine wote, maana ya kuulizwa maoni kwa heshima zote na kisha kutangaziwa uamuzi uliokwisha kukatwa kwingine. Kumbukumbu hiyo haikufutika. Afisa wa kaunti anapofika Tarbaj leo na karatasi za kusaini mahudhurio, anakuta watu ambao babu zao waliwahi kuhudhuria.

Tarbaj iko katika Kaunti ya Wajir, kwenye barabara itokayo mji wa Wajir kuelekea Mandera. Ilikuwa sehemu ya Wajir Mashariki mpaka mipaka ilipochorwa upya mwaka 2012, ikawa eneo bunge linalojitegemea lenye wadi nne: Elben, Sarman, Tarbaj na Wargadud. Kaunti nzima ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 56,000, na wakazi wake wengi wanategemea ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, hatima ya wafugaji hawa iliandikwa Nairobi. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye mvua na rutuba, ambako zingezaa haraka. Hakuna mfugaji wa Wajir aliyeulizwa kama ng'ombe wake ni uchumi au la.

Katiba ya 2010 ilikuja kama dawa ya jeraha hilo, na watu wa Kaskazini Mashariki waliipokea hivyo: zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura mkoani humo waliiunga mkono. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha watu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaongeza kwamba upangaji wowote wa kaunti lazima uhusishe umma, na kwamba taarifa ziwafikie watu mapema, kwa namna wanayoweza kuielewa.

Mahakama nazo zimeonyesha kwamba maneno haya si pambo. Mwaka 2014 Jaji George Odunga alifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Miaka kumi baadaye, Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliitupa Sheria ya Fedha ya nchi nzima ya 2023, ikisema, pamoja na mengine, kwamba Bunge linapokusanya maoni linapaswa pia kueleza kwa nini limeyakubali haya na kuyakataa yale. Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo mwezi Oktoba mwaka huohuo. Lakini swali lilikuwa limeshatamkwa mahakamani, nalo ndilo swali la 1963: mliotuuliza, jibu letu mlilipeleka wapi?

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kukusanya maoni na kushauriana. Mikutano mingi ya kushirikisha umma nchini Kenya ni ya aina ya kwanza. Tangazo linatoka gazetini, kwa Kiingereza. Ukumbi unatafutwa makao makuu ya kaunti ndogo. Hati ya bajeti yenye kurasa mia na zaidi inaelezwa kwa saa moja na mtaalamu aliyechoka na safari, kisha watu wachache wanasimama kuomba kisima, zahanati au barabara. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, soda zinagawiwa, gari linaondoka. Sheria imetimizwa. Aliyeomba kisima hatajua kilikataliwa kwa sababu gani, wala hakuna aliyemwambia kwamba kisima chake kingegharimu zahanati ya jirani.

Kushauriana ni jambo jingine. Ni watu kukaa na tatizo lenyewe, wakiwa na taarifa za kutosha, wakasikilizana, wakabishana, wakapima hasara ya kila njia, na mtu akaruhusiwa kubadili msimamo bila kuaibika. Kiswahili kinalijua jambo hili tangu zamani. Neno shauri hubeba maana ya nasaha, ya mpango na ya kesi pia, kana kwamba wahenga waliona mambo hayo matatu hayatengani. Neno baraza nalo limepitia safari ya kusikitisha. Pwani, baraza ni ile benchi ya mawe mbele ya nyumba, ambapo majirani huketi bega kwa bega wakazungumza. Watawala wa kikoloni walilibeba neno hilo hadi bara na kaskazini wakaligeuza: baraza likawa mkutano wa chifu, yeye amesimama, raia wameketi chini wakipokea amri. Katika mazungumzo ya kila siku huko Wajir, maana hiyo ya pili ndiyo iliyobaki.

Ila Wasomali wa Wajir wana baraza lao la asili, nalo huitwa shir. Kukiwa na damu iliyomwagika, malisho yanayogombaniwa au kisima kinachotaka kanuni, wanaume wa koo zinazohusika hukutana, na kila mwanamume mzima ana haki ya kusema. Hakuna mwenyekiti wa kudumu. Anayezungumza vizuri husikilizwa zaidi, lakini uamuzi haupatikani kwa kuhesabu mikono. Unapatikana wakati hakuna upande uliobaki na neno la kupinga. Mkutano unaweza kuchukua siku kadhaa. Yanayokubaliwa huingia katika xeer, yaani mapatano ya kimila yanayozifunga koo zote mbili. Mtafiti I.M. Lewis alipoandika kitabu juu ya Wasomali wa kaskazini mwa Somalia mwaka 1961, aliuita mfumo wao demokrasia ya wafugaji.

Sifa hiyo wanaistahili, ila nusu. Wanawake hawakuwa na nafasi ndani ya shir. Vijana husikilizwa kwa shida, na koo ndogo hujikuta zikikubali kile ambacho kubwa zimeshaelewana. Ubaya huo ulijitokeza tena katika zama za ugatuzi, pale wazee wa koo walipoanza kukaa kabla ya uchaguzi na kugawana viti vya ugavana, useneta na ubunge. Mpango huo umepunguza mapigano, na si haki kuubeza. Lakini mwanamke anayetaka kugombea hukuta meza imeshaandikwa na wanaume. Si ajabu ilichukua hadi mwaka 2017 kwa Sophia Abdi Noor wa Ijara, Kaunti ya Garissa, kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Kaskazini Mashariki kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge.

Mlango wa mashauriano, hata hivyo, ulifunguliwa na wanawake, na ulifunguliwa Wajir. Mapema miaka ya 1990 ukame, silaha zilizovuja kutoka Somalia iliyoanguka, na uchaguzi wa 1992 vilizisukuma koo za Wajir katika mapigano makali. Uhasama uliingia hadi sokoni, wanawake wa ukoo huu wakikataa kumuuzia wa ukoo ule. Mwaka 1993 kikundi kidogo cha wanawake, akiwemo mwalimu kijana Dekha Ibrahim Abdi, kilianza kwa jambo dogo la kushikika: soko liwe salama kwa kila mwanamke, awe wa ukoo gani. Wakakaa na wachuuzi. Wakaweka waangalizi wa kufuatilia kama yeyote ananyimwa bidhaa kwa sababu ya ukoo wake, na kesi zikasuluhishwa palepale.

Soko lilipotulia, waliwaendea wazee. Busara yao ilikuwa kuwatafuta wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwa vitani, kwa kuwa hao ndio pande zote zingekubali kuketi mbele yao. Mazungumzo yalizaa Azimio la Al-Fatah, lililotiwa saini mwezi Septemba 1993. Vijana wakaundiwa kundi lao, viongozi wa dini wakaja, wafanyabiashara wakachanga. Mwaka 1995 makundi hayo yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ambamo mkuu wa wilaya na maafisa wa usalama waliketi pamoja na wanawake wa soko. Kukitokea wizi wa mifugo au mauaji, timu mchanganyiko ilikwenda haraka kabla kisasi hakijatangulia.

Kamati hiyo ilinakiliwa wilaya baada ya wilaya, mpaka kamati za amani zikawa sehemu ya sera ya Kenya nzima. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini: sera ya taifa ilizaliwa sokoni Wajir, wakati wizara zilizopaswa kuitunga hazikuwa na jibu. Haikuhitaji mtaalamu wa nje kuwafundisha wenyeji kushauriana. Ilihitaji mtu wa kupanua duara.

Vita vikiwa vimetulia, jambo linalogawa watu zaidi Tarbaj ni maji, na maji ndiyo yanayoonyesha kwa nini maoni ya mmoja mmoja hayatoshi. Kwa mgeni, kisima ni neema tupu. Kila anayegombea uwakilishi wadi huahidi kimoja. Mfugaji anajua kwamba kisima cha mashine kikichimbwa katikati ya malisho ya masika, mifugo haitaondoka tena. Nyasi zilizokuwa zikipumzika mpaka msimu wake zinaliwa mwaka mzima na ardhi inabaki kipara. Watu wanajenga manyata kando ya tangi, kisha duka, kisha wanaomba shule. Baada ya muda wanadai lokesheni yao na chifu wao, na kituo cha kupigia kura kinafuata. Ukoo uliotangulia kudai kisima sasa unadai ardhi yote inayokizunguka, na jirani aliyekuwa akipitisha ngamia hapo tangu enzi za babu yake anaambiwa hapana. Wajir ina makazi mengi yaliyochipuka kwa njia hii. Ukimuuliza kila mtu peke yake kama anataka maji, atajibu ndiyo. Ukiwaketisha wote siku mbili mbele ya ramani ya malisho, jibu linaweza kuwa: sawa, ila si hapo.

Njia hiyo ya pili imekwisha kujaribiwa. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Isiolo ilianzisha mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ambao fedha zake ziliamuliwa na kamati za wadi, na mpango huo ukaenezwa hadi Wajir, Garissa, Kitui na Makueni. Wajir iliuwekea sheria mwaka 2016. Sehemu kubwa ya fedha, asilimia 70, ilitengwa kwa miradi inayochaguliwa na wadi zenyewe; asilimia 20 ilikuwa ya miradi ya kaunti nzima, na 10 ya uendeshaji. Wajumbe wa kamati walipendekezwa na kupimwa hadharani na watu wao, wanawake na vijana wakiwemo. Kabla ya kuchagua mradi, wafugaji walichora ramani za visima, njia za mifugo na malisho ya kila msimu, wakaketi pia na wataalamu wa hali ya hewa kulinganisha utabiri wa setilaiti na ule wa wazee wanaosoma nyota. Mradi ulipimwa kwa masharti yaliyojulikana na wote, mojawapo likiwa kwamba uchochee amani, usiivuruge. Kazi ya wakuu wa kaunti ilikuwa kuuboresha mpango uliotimiza masharti, badala ya kuubadilisha kwa matakwa yao.

Matokeo yaliwashangaza waliodhani wananchi wataomba visima tu. Huko Isiolo Waborana walielekeza fedha za mwanzo, pamoja na mabwawa, kwenye kuimarisha dedha, ambayo ni mabaraza yao ya wazee wanaolinda malisho ya kiangazi, na kwenye maabara ya magonjwa ya mifugo. Walichagua utaratibu kabla ya saruji. Tangu mwaka 2021 serikali ya kitaifa, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, imepeleka muundo wa namna hii katika kaunti nyingi zaidi. Hatari yake ni ileile ya kila kitu kinachopanuka haraka: kamati zinabaki kwa jina, mazungumzo yanakatwa.

Nje ya kaskazini kuna mifano ambayo Tarbaj ingeweza kuiazima. Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana kuanzia 2013, ilipandisha mijadala ya bajeti ngazi kwa ngazi, kutoka kijijini hadi wadi zote 30 na hatimaye mkutano wa kaunti, na kila mradi ukawa na kamati ya wananchi ya kuusimamia. Mahali pengine wamekwenda mbali zaidi, wakachagua washiriki kwa kura ya bahati nasibu ili chumba kifanane na jamii yenyewe badala ya kujaa wenye sauti kubwa. Mwaka 2014, katika wilaya za Bududa na Butaleja mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon ambako maporomoko ya Machi 2010 yalikuwa yameua watu wengi, wakazi waliochaguliwa hivyo walikaa siku mbili kujadili kuhamishwa, matumizi ya ardhi na ukubwa wa familia. Mwaka uliofuata nchini Tanzania, watu wapatao 2,000 walihojiwa kuhusu mapato ya gesi asilia, na wapatao 400 kati yao wakaletwa Dar es Salaam kujadiliana na kuwauliza wataalamu maswali. Mbinu hiyo ilibuniwa na Profesa James Fishkin wa Marekani, na msingi wake ni kwamba maoni ya mtu aliyepewa taarifa na muda si sawa na maoni ya mtu aliyeulizwa njiani.

Ireland nayo ilitumia raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kujadili sheria ya utoaji mimba, suala lililokuwa limewashinda wanasiasa kwa miaka mingi; mapendekezo yao yalipelekwa kwenye kura ya maoni ya Mei 2018.

Je, bahati nasibu ingewezekana Wajir? Ugumu wa kwanza ni kwamba mfugaji hana anwani. Orodha ya wapiga kura humkuta kituoni, naye yuko umbali wa siku nne na ngamia wake. Ugumu wa pili ni ukoo: kundi lililochaguliwa kwa bahati likikosa watu wa ukoo mmoja, hakuna hesabu itakayowaridhisha waliokosekana. Pengine Wajir ingetengeneza namna yake, bahati nasibu ndani ya kila ukoo na kila wadi, wanaume kwa wanawake sawasawa, huku wazee wakibaki na kazi ya kuyaidhinisha maafikiano. Wasomali wanajua kugawana kwa uwiano. Hilo tayari liko katika malipo ya diya, ambapo kila kaya ya ukoo huchangia fungu lake.

Lugha nayo haiwezi kuachwa baadaye. Sheria inadai taarifa zifikiwe na watu, lakini mama anayezungumza Kisomali peke yake hafikiwi na jedwali la Kiingereza. Redio za Kisomali zinasikika kaskazini kote. Makadirio ya wadi moja yakisomwa redioni taratibu kwa jioni tatu, pamoja na bei ya kila mradi, yangewafikia watu wengi kuliko ukumbi wowote. Na mwezi mmoja baadaye redio ileile isome kilichokubaliwa, kilichokataliwa, na sababu.

Kuna jambo moja zaidi, dogo kwa sura, ambalo halijapewa uzito. Sheria ya usimamizi wa fedha inaipa kaunti tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Tarehe hizo zinafuata mwaka wa fedha wa Nairobi. Mwaka wa mfugaji una jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Gu, mvua kubwa zinazoanza karibu na Aprili na kuzikata barabara. Hagaa, ukavu wa katikati ya mwaka. Na deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Septemba 1 inafika mwishoni mwa hagaa na Februari 28 katikati ya jilaal. Aprili 30 magari yamekwama matopeni. Tarehe zote tatu huanguka wakati ambapo watu wenye mifugo wako mbali au hawafikiki, na ukumbi wa makao makuu unabaki na wafanyabiashara, walimu na wagombea wa uchaguzi ujao.

Wakati wa deyr ndipo familia hukaribiana, harusi hufungwa na mashir huitishwa, maana maziwa yapo na watu hawana haraka. Mashauriano makubwa ya wadi yangeweza kufanyika hapo, miezi miwili au mitatu kabla ya waraka wa Februari kuandikwa. Na kama lazima yafanyike jilaal, basi yasifanyike ukumbini. Februari watu wa Tarbaj wako visimani, tangu alfajiri, kila ukoo ukingoja zamu ya ngamia wake kunywa, na zamu ni ndefu.